Jani Lilisema Kumi na Moja

Baba yangu alikuwa mpokeaji wa kahawa kwenye chama cha ushirika cha kijiji chetu, juu ya vilima vya Muleba, na watu walimwogopa kuliko walivyomwogopa paroko. Aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, akatoa kiganja kimoja cha kahawa kavu, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaigeuza, akang'ata punje moja. Hapo hapo ulijua kama gunia lako limepita au unarudi nalo nyumbani kichwani. Mdogo wake mwenyewe, baba yetu mdogo, aliwahi kurudishwa mara mbili ndani ya wiki moja kwa sababu kahawa yake ilikuwa mbichi ndani. Hawakusemeshana mpaka Pasaka.

Naanza na habari hiyo ili ieleweke nilikuwa nimekabiliana na mtu wa namna gani.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye studio ya picha mjini Bukoba. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa, mji umejaa mikutano, na kila mtu alitaka picha: picha ndogo za vitambulisho, picha za harusi, picha za watoto wa komunyo ya kwanza wakiwa wamekunja mikono kifuani. Mwenye studio alikuwa mjane wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Bukoba, mama mnene mwenye miwani ya kamba, na Kihaya chake cha sokoni kilikuwa na matusi ambayo mimi Mhaya nilikuwa siyajui. Aliniajiri kufagia na kukata kingo za picha. Mwaka wa pili nilikuwa nasafisha filamu na kuchapa picha, na kamera nilipewa watoto walipolia, kwa kuwa yeye kilio cha mtoto kilimpandisha presha.

Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, unaweka karatasi nyeupe kwenye sinia la dawa, unaitikisa kidogo, na uso wa mtu unaanza kutokea kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nimeliona jambo hilo maelfu ya mara na kila mara nilikuwa nabana pumzi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, na nilijua kabisa kwamba sitaki kufanya kitu kingine maishani.

Baba alikuwa amekubali shingo upande. Kwake yeye, binti wa kushinda gizani akinusa dawa hakuwa anafanya kazi. Alikuwa anapoteza macho. Basi Krismasi ya mwaka wa pili nikaamua kumfunga mdomo kwa zawadi. Mama mwenye studio alikuwa na desturi moja nzuri. Filamu ikibakiwa na picha mbili tatu baada ya mteja wa mwisho, alizimalizia kwa kumpiga paka wake, maana filamu haikuweza kusafishwa mpaka iishe. Nilimwomba mabaki hayo aniachie mimi. Akasema paka amekwisha zeeka, chukua.

Nikachukua kamera jioni moja mpaka mto Kanoni unapoingia ziwani, pale yangeyange wanaposimama majini kwa makundi. Sisi tunawaita enyange. Nilikuwa na kipima mwanga cha studio, kidude kama kiberiti kikubwa chenye sindano. Unakielekeza kwenye kitu, sindano inapanda, unasoma namba, halafu unaiweka namba hiyo kwenye lenzi. Namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi limefunguka na mwanga mwingi unaingia. Namba ikiwa kubwa, tundu limefungwa. Nikakielekeza ziwani. Ziwa jioni ile lilikuwa jeusi tii. Sindano ikasema tano nukta sita, nami nikatii kama nilivyofundishwa kutii, nikapiga.

Nilichapa picha kubwa, nikaibandika kwenye kadibodi, nikaifunga kwa karatasi ya khaki. Ndani ya basi la Biharamulo niliipakata njia nzima mpaka Muleba, nikamkatalia kondakta alipotaka kuiweka juu na mikungu ya ndizi.

Baba aliifungua baada ya chakula, mbele ya ukoo mzima. Akanyanyuka, akaenda nayo mlangoni. Nilimjua, nikajua inapimwa kama gunia.

"Hii ni nini?"

"Enyange, Tata. Wako ziwani."

"Wako wapi?"

"Si hao weupe."

Akaisogeza, akaiondoa. "Hizi ni pamba," akasema. "Mtu amemwaga pamba majini. Enyange ana macho. Ana manyoya, yamepangana. Manyoya yako wapi hapa?"

Watu walicheka. Mama naye alicheka, halafu akanionea huruma akaniongezea nyama. Mimi masikio yaliwaka moto. Nilimwambia Baba kwamba picha za ndege hawezi kuzielewa mtu ambaye hajawahi hata kupigwa picha, na hilo lilikuwa kweli, hajawahi, kwa sababu alisema hawezi kuketi mbele ya kitu asichojua kinamwonaje. Mama akanikanyaga mguu. Alikuwa amechelewa.

Baba hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alikaa, akatafuna kahawa yake, kisha akasema kwa upole kwamba kijiji kimefungua darasa la watu wazima na hakina mwalimu, na wazee wameniulizia. "Wewe umesoma. Kule umekaa miaka miwili, na enyange, ndege ninayemwona kila Jumamosi, hujaweza kumtoa. Kahawa ikianza kuiva nataka uwe umerudi nyumbani."

"Na nikimtoa?"

"Niletee enyange ambaye nikimwona mlangoni pale nitasema huyu ni enyange. Ukimleta, sitakuuliza tena habari za kazi yako mpaka nife."

Sikuidharau kazi ya darasa la watu wazima. Mama yangu mwenyewe alijifunza kuandika jina lake kwenye darasa hilo, na ninaikumbuka furaha yake. Lakini usiku ule, nimelala na wadogo zangu wawili kitanda kimoja, niliona chumba changu cha giza kinafungwa na kahawa ndiyo kwanza imedondosha maua, nikaanza kuhesabu miezi.

Bukoba, mama mwenye studio aliitazama ile picha sekunde moja. "Umewaunguza," akasema, akaendelea kunywa chai. Alisema kipima kiliona maji meusi, kikadhani dunia nzima ni nyeusi, kikaniambia nifungue lenzi. Wale ndege maskini walikuwa weupe tayari, wakapigwa mwanga mpaka manyoya yakayeyuka yote. Akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye kamba yake. Nilichukia kuchekwa mara mbili kwa picha moja, na kwa hasira hiyo nikaacha kusikiliza pale alipoanza kueleza la maana.

Nikajiona mjanja. Kama weusi unakidanganya kipima, nikasema, basi nitakionyesha weupe. Sikuwa na ndege wa kumsogelea kwa kipima, lakini nilikuwa na gagulo langu jeupe, jipya, lililopigwa bluu. Nikaenda nalo mtoni, nikalitandaza juu ya matete kwenye jua, nikakielekeza kipima pale. Wanawake waliokuwa wanafua ng'ambo wakaacha kufua.

"Wewe binti," mmoja akapaza sauti, "gagulo lako nalo linataka kitambulisho?"

Sindano ilipanda mpaka ishirini na mbili. Nikafunga lenzi, nikapiga mabaki yangu matatu, nikaanua gagulo, nikaondoka kwa maringo.

Picha zilipotoka, manyoya yalionekana! Niliruka ndani ya chumba cha giza nikagonga taa. Ila wale ndege walikuwa wa kijivu, na maji yamekuwa meusi kama wino. Nikapunguza muda wa karatasi kwenye mwanga ili ndege wawe weupe. Wakawa weupe, lakini maji yakageuka uji, picha nzima ikawa imechoka. Nikajiambia Baba anataka manyoya, manyoya ndiyo haya, nikachagua ile ya kijivu. Sikumwonyesha mama mwenye studio. Nilikuwa bado nimemnunia.

Pasaka nikampelekea Baba. Akaenda nayo mlangoni.

"Afadhali," akasema. "Sasa ni ndege. Lakini hawa wamegaagaa jivuni. Enyange akitoka majini hafanani hivi, hata siku ya mvua." Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama alivyowarudishia watu magunia yao. Halafu akanionyesha mbuni uliokuwa karibu na mlango wa jikoni. Punje zilikuwa zimeshafunga, kijani na ngumu. Nilielewa.

Nilirudi mjini nimeshuka. Safari hii niliweka picha zote mbili mezani, ya pamba na ya jivu, nikamwambia mama mwenye studio hadithi nzima: Baba, kahawa, darasa, yote. Nililia pia, nisiseme uongo. Aliweka kikombe chini.

"Binti," akasema, "hiyo sindano haijui nyeupe. Haijui nyeusi pia. Inajua rangi moja tu duniani, kijivu cha katikati. Ukiionyesha maji meusi, inataka kuyafanya kijivu. Ukiionyesha gagulo, inataka kulifanya kijivu. Kosa si la sindano, ni la anayeiuliza. Iulize kitu kilicho katikati."

Akafungua droo akatoa kipande cha kadi ya kijivu kisichozidi kiberiti. Zamani ilikuwa kubwa kama daftari. Marehemu mume wake aliiagiza Ulaya kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, mchwa wakaila, ikabaki kona hiyo. Nikaomba kwenda nayo mtoni. Akasema hata mwanawe wa kumzaa hatoki nayo nje ya mlango.

Basi wiki ile nilikuwa kero. Kila nilipopata nafasi nilitoka na kipima, nikapima ukuta, nikapima barabara, nikapima mbuzi wa jirani, nikapima sari ya mama mwenye studio akiwa amelala kitini. Nilitafuta kitu kitakachosema namba ile ile iliyosemwa na kile kipande cha kadi kwenye jua lile lile. Ukuta ulizidi. Barabara kavu ilizidi, ikilowa ikapungua. Mbuzi alikula kamba ya kipima.

Siku ya tano nilikuwa nyuma ya studio, namwaga dawa iliyokufa, penye migomba mitatu aliyoipanda marehemu. Nimezaliwa kibanjani, nyumba ikiwa katikati ya shamba la migomba. Nimelala chini ya migomba, nimekula kwenye majani yake, nimejifunika mvua kwayo, na kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kufikiri kwamba jani la mgomba lina rangi. Lilikuwa tu lipo. Nikaliinua moja upande wake wa juu, nikaligeuza kidogo lisimeremete, nikakielekeza kipima.

Nilimwita mama mwenye studio kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Akatoka na kipande chake cha kadi, akakishikilia kando ya jani. Sindano ilisimama pale pale kwa vyote viwili. Tukarudia. Tukaenda kwenye mgomba wa pili. Akaitazama ile migomba, akatazama kadi yake.

"Miaka yote," akasema, "na yule mtu aliagiza Ulaya." Akaanza kucheka, mara akajifuta macho kwa ncha ya sari, nikajua anamkumbuka mume wake, nikaingia ndani kumwachia nafasi.

Jioni alinimalizia somo. Jani litakwambia mwanga ulivyo, alisema, lakini ndege huyo ni mweupe kuliko kawaida. Jani likishasema, wewe funga hatua moja zaidi, manyoya yabaki. Likisema kumi na moja, weka kumi na sita. Usizidishe, utamrudisha jivuni. Akanipa mabaki ya picha tano badala ya tatu, jambo lililomaanisha amemkatalia mteja.

Kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu upande unaopigwa na jua.

Sikwenda Kanoni. Ndege wa mjini waliruka ukifika hatua ishirini, na kamera yetu haikuweza kuwavuta karibu. Nilihitaji enyange wa kuonekana jicho. Nikawakumbuka wale ambao Baba huwaona kila Jumamosi akienda kukagua ng'ombe wake. Bondeni Ngenge baba mdogo alikuwa anachunga ng'ombe wake pamoja na wanne wa Baba, na kulikuwa na dimbwi pana lililoachwa na masika. Nilifika kwetu Jumanne, kesho yake alfajiri nikakata jani kibanjani Baba akiwa misani, nikalifunga kwa kitenge kilicholoweshwa, maana bondeni kule migomba ni ya kutafuta na jani likinyauka linabadilika. Nikashuka kwa baiskeli.

Baba mdogo alitazama lile jani likifunguliwa kwa uangalifu. "Umekuja na sahani," akasema. "Nyama iko wapi?"

Nilimweleza. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake, na nadhani hakuelewa hata nusu, lakini aliposikia kwamba anayepaswa kushindwa ni Baba, alichangamka. Hakuwa amesahau magunia yale mawili. "Ukiwaendea peke yako wataruka," akasema. "Enyange anamwogopa mtu, hamwogopi ng'ombe. Ingia katikati ya ng'ombe, utembee wanavyotembea."

Nikafunga sketi juu ya magoti, nikaingia majini katikati ya ng'ombe wanane. Mkono mmoja niliweka mgongoni mwa ng'ombe mwekundu, mwingine nimeinua kamera kifuani. Matope yalikuwa ya uvuguvugu. Ng'ombe akisimama, nasimama. Akinywa, naangalia chini kama na mimi nakunywa. Nilisikia furaha ya ajabu, mimi mfanyakazi wa studio ya mjini niliyegeuka ng'ombe wa tisa. Enyange walitutazama wakaendelea na shughuli zao. Walisogea. Mmoja alipita hatua tatu kutoka kwangu, akinyanyua miguu yake myeusi mmoja mmoja, na nikaona jicho la njano likinikagua.

Baba mdogo alikuwa amesimama ukingoni amelishika jani juani, nilivyomwelekeza, amelinyoosha mbele kama mtumishi wa altare. Nilikielekeza kipima kwake. Jani lilisema kumi na moja. Nikafunga lenzi mpaka kumi na sita.

Picha ya kwanza, ng'ombe mwekundu aliingiza kichwa. Ya pili, mlio wa kamera uliwashtua wakaruka kidogo, nikapata mabawa nusu. Nikangoja. Sijui nilingoja kiasi gani, miguu ilikufa ganzi na ruba alikuwa amenishika nyuma ya goti, sikumtoa. Walirudi wanne, wakasimama kwenye maji yaliyotulia. Nikapiga ya tatu. Nikapiga ya nne. Ya tano nilitaka kuipiga, mama mwenye studio akanijia kichwani, na mteja aliyemkatalia kwa ajili yangu, nikaiacha.

Filamu ya mwisho ile niliisafisha mwenyewe mjini, mlango umefungwa. Hapana, nimekosea, haikuwa filamu nzima: nililikata gizani lile pande nililokwisha piga, nikalisafisha, na kile kipande cha tano nikakirudisha kwenye kamera. Nilipolining'iniza kwenye taa, niliona ndani ya miili ya wale ndege mistari midogo midogo, imelala mmoja juu ya mwenzake. Nilichapa. Kwenye sinia maji yalitangulia kutokea, kisha miguu, kisha midomo, kisha polepole, mwisho kabisa, manyoya. Weupe ulikuwa weupe, na ndani yake kulikuwa na kila kitu.

Mama mwenye studio aliiangalia muda mrefu kuliko sekunde moja. "Nenda," akasema. "Na kamera uende nayo. Akikubali utaihitaji. Akikataa utanirudishia, tutaagana vizuri."

Nilifika nyumbani Jumamosi mchana. Mikeka ya kahawa ilikuwa imeshatandazwa uani, uvunaji umeanza. Mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni mwa jiko. Baba alinawa mikono, akajifuta, akapokea ile picha, akaenda nayo kwenye mwanga.

Alisimama pale mpaka nikachoka kusimama. Aliisogeza, akaiondoa, akaiinamisha. Alipitisha ukucha juu ya bawa la ndege mmoja bila kuligusa. Mimi nilikuwa natazama mgongo wake na nikagundua kwamba mabega yake yamekuwa madogo tangu Krismasi, au labda nilikuwa sijawahi kuyatazama.

"Huyu wa nyuma," akasema hatimaye, "bawa lake la kushoto lina unyoya uliovunjika. Anapenda kumfuata yule ng'ombe mwekundu."

Nikasogea nikaangalia. Kweli, unyoya mmoja ulikuwa umepinda nje. Nilikuwa nimeikodolea macho picha ile siku mbili na sikuuona. Alikuwa ameona kwenye picha yangu kitu ambacho mimi mpigaji sikujua nimekipiga.

Aliniangalia. "Kesho usiondoke na basi la asubuhi," akasema.

Kisu cha Mama kilisimama. Nikafikiri, basi, hata hivi haikutosha, darasa linanisubiri. Nikafungua mdomo nibishe.

"Baada ya misa nitabaki na kanzu yangu," Baba akasema. "Utanitoa na mimi. Lakini usinifanye pamba, wala usinitie jivu."

Akaingia ndani. Mama akaendelea kumenya ndizi, machozi yanamtoka, anacheka.

Jumapili ile Mama aliamka kabla ya jogoo, akaipiga kanzu pasi ya mkaa. Baba alirudi kutoka misani na kanzu yake nyeupe na koti jeusi juu, akasimama mbele ya migomba yake, wima, amekasirika kwa hofu. Nikamwambia nahitaji jani. Hakuniruhusu kulikata. Alichukua panga, akazunguka kibanja, akaacha hili, akaacha lile, akachagua moja kama anavyochagua kahawa, akakata kipande cha ukubwa wa daftari. Nikamwomba alishike karibu na kifua chake penye jua. Nikapima. Kanzu ilitaka kumi na sita, uso wake mweusi ulitaka nane, na jani, lililokuwa katikati yao, lilisema kumi na moja. Nikabaki na jani.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha filamu, nami nilimwambia hivyo.

"Tata, jani limekwisha kazi. Waweza kulitupa."

"Una hakika umelipima vizuri?"

"Nina hakika."

"Piga," akasema, na hakulitupa.

Jumatatu nilikuwa Bukoba. Baba alishika neno lake; kwa miaka yote iliyofuata, nilipohamia kwenye kamera moja kwa moja, na baadaye studio iliponiangukia mikononi, hakuniuliza tena habari za kazi yangu. Darasa la watu wazima alilichukua mke wa mwalimu mkuu, na alifundisha vizuri kuliko ambavyo ningefundisha mimi. Baba mdogo aliomba picha ya ng'ombe mwekundu aliyeingiza kichwa, akaitundika juu ya kitanda.

Picha ile ya Baba ndiyo pekee aliyowahi kukubali. Uso wake unaonekana wote, mpaka kovu dogo la ndui karibu na sikio, na kwenye kanzu unaweza kuhesabu mikunjo ya pasi ya Mama. Siku tulipomzika niliiweka juu ya jeneza. Watu walipita, wakaitazama, wakaulizana kwa sauti ya chini jani lile lina maana gani. Mmoja alisema ni desturi ya ukoo wetu ya zamani. Mwingine alisema ni heshima kwa kibanja. Paroko mgeni alidhani ni Jumapili ya Matawi.

Hadi leo wanaokuja kunisalimu huuliza, kwa kuwa ipo ukutani mkabala na mlango, mahali penye mwanga. Huwa nawaambia baba yangu alikuwa ananisaidia kazi.